Sukari na "Sugar": Ni Nani Aliyemwazima Mwenziwe?

Kwa muda wa miaka kumi na mitano nilipokuwa mwalimu wa shule niliwafundisha watoto kosa moja, na leo nataka kulisahihisha mbele ya wasomaji wote. Kila mwaka, lilipofika somo la maneno ya kigeni, niliandika ubaoni safu ya maneno ambayo Kiswahili kimeyapata kwa Waingereza: baiskeli, shati, penseli, blanketi, motokaa, na chini yake niliongeza neno sukari. Watoto waliyanakili katika madaftari yao, wakayakariri, wakapata alama zao. Hakuna aliyeuliza, wala mimi sikujiuliza. "Sugar" na "sukari" yalionekana kama ndugu wa tumbo moja, na kwa kuwa vitu vingi vya madukani vililetwa na Waingereza, nilidhani kwamba na jina hili lilisafiri katika merikebu zao.

Kosa hilo lilinirudia siku moja katika ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima wa miwa, upande wa Kano karibu na Kisumu. Nilikuwa nimemsindikiza jamaa yangu aliyefuata malipo yake. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, na malipo yalikuwa yamechelewa, kwa hiyo maneno hayakukosekana. Mzee mmoja alisema kwamba ni ajabu mtu kulima miwa maisha yake yote, kisha akanunua sukari dukani kwa bei asiyoiweza. Karani, kijana mwenye mwandiko mzuri, akamjibu bila kuinua kichwa: "Mzee, hata jina la sukari si letu. Tumeliazima kwa Mwingereza. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama ni hivyo, kijana wangu, basi mama yangu alisema Kiingereza bila kujua, maana aliita sukari naye hakukanyaga mlango wa shule hata siku moja."

Watu wakacheka, na naona walimcheka mzee zaidi kuliko karani. Mzee akanigeukia mimi, kwa kuwa alijua kazi yangu ya zamani. "Wewe Mwalimu, wasemaje?" Sikuwa nimemfundisha kijana yule, lakini maneno aliyoyasema yalikuwa yangu kabisa, hata mpangilio wake. Nikamwambia mzee kwamba nitatafuta habari hiyo na nitamletea jibu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nililitazama neno lenyewe kwa sikio, kama mtu atazamavyo mbegu kabla ya kuipanda. Mwingereza hasemi "suka", husema "shuga". Kama Mswahili angalilipokea neno hili kinywani mwa Mwingereza, angalisema shuga, kwa sababu sauti ya sh si ngeni kwake: anazo shamba, shoka na shingo. Sauti ya g anayo pia katika gogo na goti. Aliposikia neno la Kiingereza la vazi la juu alisema shati; hakusema sati. Basi kwa nini katika neno hili moja aiache sh aseme s, aiache g aseme k, kisha aongeze ri mwishoni ambayo Mwingereza wa London haitamki? Masikio hayakosei mara tatu katika neno moja. Hapa palikuwa na mwalimu mwingine.

Mwalimu huyo ni Mwarabu. Kwa Kiarabu kitu hiki huitwa "sukkar", kwa s na kwa k mbili. Kiswahili hakipendi neno liishe bila irabu, kwa hiyo huliongezea mkia, kama kilivyofanya kwa maneno mengi ya pwani: "bahr" likawa bahari, "bandar" likawa bandari, na "sukkar" likawa sukari. Hakuna kilichopotea wala kilichobadilika ila ule mkia. Mama wa yule mzee hakusema Kiingereza. Alisema neno lililopanda kutoka pwani pamoja na mizigo ya wafanya biashara.

Ningeweza kuishia hapo, kwa kuwa swali la ofisini lilikuwa limejibiwa. Lakini nilitaka kujua jambo la pili: kama sisi tulilipata kwa Mwarabu, je, Mwingereza alilipata kwa nani? Neno lake haliwezi kufanana na letu kwa bahati tu.

Wataalamu wa lugha ya Kiingereza hawana shaka juu ya njia lililopita. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, ambao husema "sucre". Neno la Kifaransa linatokana na neno la Kitaliani, "zucchero", pamoja na Kilatini cha zama za kati. Na Wataliani walilipata kwa Waarabu, hasa katika kisiwa cha Sicily, ambacho Waarabu walikitawala tangu karne ya 9 hadi ya 11 na kupanda humo miwa. Neno ni lile lile, "sukkar". Kumbe Mwingereza na Mswahili walibisha mlango wa nyumba moja, mmoja akitokea kaskazini na mwingine kusini, na hakuna hata mmoja aliyemwazima mwenziwe.

Yafaa hapa nimwonye msomaji juu ya mtego mmoja. Mtu akisikia kwamba Waajemi husema "shakar", kwa sh, anaweza kurukia kusema kwamba Mwingereza ameihifadhi sh ya Uajemi. Sivyo. Mwingereza alipolipokea neno alitamka s, kama Mfaransa, ndiyo sababu mpaka leo huliandika kwa s. Baadaye sauti hiyo ililainika ndani ya Uingereza kwenyewe ikawa sh, kama ilivyolainika katika neno lao "sure". Basi sh ya Mwingereza na sh ya Mwajemi zimekutana njiani tu, hazijuani.

Lakini Mwarabu naye si mwenye neno. Yeye alilipata kwa Mwajemi, na Mwajemi alilipata Bara Hindi. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya wataalamu wa Bara Hindi, neno ni "sharkara". Na maana yake ya kwanza haikuwa kitu kitamu hata kidogo. Maana yake ilikuwa changarawe.

Wakulima wa miwa wataelewa jambo hili upesi kuliko maprofesa. Muwa wenyewe haukutoka Bara Hindi. Wataalamu wa mimea wanasema kwamba watu wa kisiwa cha New Guinea, mbali huko mashariki kaskazini mwa Australia, ndio walioupanda kwanza, maelfu ya miaka iliyopita. Kutoka huko ulisafirishwa kisiwa kwa kisiwa mpaka ukafika bara la Asia. Kila ulipofika watu waliutafuna, wakanywa maji yake, basi. Maji ya muwa hayawekeki. Ukiyaacha hadi kesho yamechacha. Watu wa Bara Hindi ndio waliojifunza kuyachemsha maji hayo mpaka yakawa mazito, kisha wakaendelea mbele zaidi mpaka yakafanya chembe ngumu zinazosagika kati ya meno. Yeyote aliyesimama kando ya sufuria ya sukari guru na kuona maji ya kijani yakigeuka uji mwekundu, na uji ukigeuka mawe, hatashangaa kwamba mtu wa kwanza aliyeona chembe zile aliziita changarawe.

Habari za changarawe hizo zilifika Ulaya zamani sana, lakini zilifika kama hadithi. Mnamo mwaka 325 K.K. jemadari Nearchus, aliyeongoza merikebu za Aleksanda Mkuu kutoka mto Indus, alisimulia kwamba Bara Hindi kuna matete yatoayo asali pasipo nyuki. Wayunani hawakuwa na jina la kitu hicho, wala hawakuwa nacho. Baadaye walilipata jina kutoka katika lugha za kawaida za Bara Hindi ambazo zilikuwa zimekwisha kuilainisha "sharkara" kuwa "sakkhara". Wayunani wakasema "sakkharon", na Warumi wakasema "saccharum". Katika karne ya 1 baada ya Kristo, Plini Mrumi na Dioskoride, tabibu wa Kiyunani, wote wawili waliieleza. Plini alisema ni nyeupe kama ulimbo wa mti, huvunjika kwa meno, bonge lake kubwa halizidi kokwa ndogo, na kazi yake ni dawa tu. Dioskoride naye aliilinganisha na chumvi. Hawakujua Kisanskriti, lakini wote wawili walizitaja zile changarawe.

Na sasa tunafika mahali palipoufurahisha moyo wangu kuliko pote. Katika karne hiyo hiyo ya 1, mfanya biashara mmoja aliyejua Kiyunani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha kuwaongoza manahodha katika Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi. Wataalamu hukiita Periplus. Humo ameorodhesha bidhaa zilizoletwa kutoka magharibi mwa Bara Hindi hadi bandari za pwani ya Afrika, katika nchi ambayo leo ni Somalia, kuelekea rasi ya Guardafui: ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na asali ya matete iitwayo "sakkhari". Kitabu kinaendelea kusini mpaka mji wa Rhapta katika nchi ya Azania, lakini huko hakitaji asali hiyo. Hata hivyo msomaji apime mwenyewe. Pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa ikipokea sukari, na jina lake likisemwa bandarini, zaidi ya miaka elfu moja kabla neno "sugar" halijaandikwa na Mwingereza yeyote.

Niongeze jambo dogo la pembeni, kwa ajili ya makarani. Neno la Kiyunani la tete ni "kalamos". Kwa kuwa watu wa kale waliandika kwa tete lililochongwa, Waarabu walilichukua neno hilo wakaliita "qalam", na sisi tukalipata kutoka kwao: kalamu. Kijana yule alimwambia mzee maneno yale huku ameshika kalamu yake, wala hakujua kwamba mkononi mwake kulikuwa na neno lililozunguka bahari zile zile.

Turudi njiani. Tumekwisha kuona kwamba neno hili lilitoka Bara Hindi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya Wayunani na Warumi. Hiyo ilikuwa njia ya vitabu na dawa, na haikwenda mbali, kwa sababu jina lilisafiri lakini kitu chenyewe kilikuwa haba. Njia ya pili ilipita Uajemi, na hiyo ilikwenda na mbegu, sufuria na mafundi. Katika nchi ya Khuzistan, kusini magharibi mwa Uajemi, ulikuwako mji wa Gundishapur, uliosifika kwa matabibu wake, na huko miwa ililimwa na sukari ikasafishwa. Waarabu walipoishinda nchi ya Uajemi katika karne ya 7 walikuta kazi hiyo ikiendelea. Hawakuiharibu. Waliichukua mpaka Sham na Misri, kisha Sicily na Hispania, wakachimba mifereji ya maji, maana muwa ni mmea wenye kiu na nchi zile ni kavu.

Alama ya miguu yao ingali inaonekana katika lugha za Ulaya. Mhispania husema "azúcar" na Mreno "açúcar". Ile a iliyo mbele ni sehemu ya Kiarabu "as-sukkar", yaani neno pamoja na kijineno chake cha kutambulisha. Mtaliani hana a hiyo. Hali ni hiyo hiyo katika neno la pamba: Mhispania husema "algodón", Mtaliani "cotone", nayo yote mawili ni Kiarabu "qutn". Nadhani sababu ni kwamba watu wa Hispania waliishi na wakulima wa Kiarabu kwa karne nyingi wakayameza maneno mazima, lakini Wataliani wengi walikuwa wanunuzi, nao mnunuzi huchukua kile anachokihitaji tu.

Wazungu wa kaskazini waliionja sukari wakati wa Vita vya Msalaba. Mwaka 1099 askari wao wenye njaa walitafuna miwa waliyoikuta mashambani karibu na Tripoli ya Sham. Baada ya hapo matajiri wa Ulaya hawakuacha kuitafuta. Lakini ilikuwa adimu kuliko tunavyoweza kufikiri. Mwaka 1226 Mfalme Henry wa Tatu wa Uingereza alimwandikia mkuu wa mji wa Winchester amtafutie ratili tatu za sukari ya Aleksandria, ikiwa kiasi kikubwa namna hiyo kingeweza kupatikana kwa wafanya biashara wa gulioni. Ratili tatu! Msomaji anayo zaidi ya hiyo kabatini mwake mwisho wa mwezi. Basi wakati ule jina la sukari kwa Kiingereza lilikuwa jina la kitu cha mfalme na cha tabibu, kikifungiwa pamoja na pilipili na mdalasini.

Jinsi kilivyoshuka kutoka meza ya mfalme hadi kikombe cha kibarua ni habari nzito, wala si haki kuipita kwa sababu tunazungumza juu ya maneno tu. Mwaka 1493 Columbus alipeleka vipande vya miwa katika kisiwa cha Hispaniola. Wareno walianzisha mashamba makubwa Brazil, na tangu miaka ya 1640 Waingereza walifanya vivyo hivyo Barbados na baadaye Jamaica. Kazi ya muwa haingoji: ukikatwa lazima ukamuliwe upesi, na sufuria zikiwashwa hazizimwi usiku. Kazi hiyo walitwishwa watumwa wa Afrika, mamilioni yao. Afrika ya Mashariki nayo haikusalimika. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mapatano na Sultani wa Kilwa ya kununua watumwa elfu moja kila mwaka, kwa ajili ya visiwa ambavyo leo vyaitwa Mauritius na Réunion. Na katika bonde la Pangani, kabla ya vita vya Abushiri vya mwaka 1888, mashamba ya miwa yaliyosifika kwa sukari yake yalilimwa na watumwa.

Huko Uingereza wako walioona aibu. Mwaka 1791 Bunge lao lilipokataa mswada wa kukomesha biashara ya watumwa, watu wengi wa kawaida waliacha kununua sukari ya visiwa vile majumbani mwao. Biashara hiyo ilikatazwa na sheria ya Uingereza mwaka 1807, na utumwa wenyewe katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833. Neno halikubadilika hata herufi moja katika miaka hiyo yote. Kamusi huandika lilikotoka. Haiandiki aliyelipa gharama.

Sasa nirudi pwani yetu, maana yuko msomaji atakayeuliza: je, kabla ya sukari ya dukani hatukuwa na muwa? Tulikuwa nao. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, ndimu na miwa kwa wingi. Habari hiyo iliandikwa na mmoja wa watu waliokuwa katika safari ile. Na hapa lugha zetu zinatufundisha jambo ambalo sikulitazamia. Mmea wenyewe tunauita kwa majina ya nyumbani: Mswahili husema muwa, Mkikuyu kigwa, Mjaluo niang', na mbali huko kusini Mzulu husema umoba. Lakini ile changarawe nyeupe kila mmoja aliipokea pamoja na jina lake la safari: Mswahili sukari, Mkikuyu cukari, Mganda ssukaali, Msomali sonkor. Mmea uliingia shambani zamani ukapata jina la shambani; unga wake uliingia kwa biashara ukabaki na jina la biashara. Hata mahali paitwapo Miwani, kilipojengwa kiwanda cha sukari mwaka 1922, hapakuitwa Sukarini. Kilichoonekana pale ni miwa.

Neno sukari guru nalo lilinishangaza nilipolifungua. Guru hiyo si ile ya Kihindi yenye maana ya mwalimu wa dini, ingawa kwa masikio yetu ni moja. Ni "gur", jina la Kihindi la sukari nyekundu isiyosafishwa, linalotokana na Kisanskriti "guda", yaani bonge au mpira. Neno hilo hilo lilivuka bahari upande wa mashariki, na Wamalay huiita sukari yote "gula". Basi mkulima wa magharibi mwa Kenya anapouza sukari guru ametamka maneno mawili ya Bara Hindi: la kwanza limezunguka Uajemi na Arabuni kabla ya kumfikia, na la pili limeletwa na Wahindi wenyewe waliokuja kuishi na kufanya biashara katika nchi zetu. Changarawe na bonge.

Mwingereza naye ameliingiza neno la changarawe nyumbani mwake kwa milango mitatu, na sidhani wenyeji wengi wa nyumba hiyo wanajua kwamba wageni hao ni mtu mmoja. Kwa mlango wa Waarabu na Wafaransa aliingia "sugar". Kwa mlango wa Wareno aliingia "jaggery", jina lake la sukari guru, ambalo Wareno waliliokota kusini mwa Bara Hindi, mahali ambapo "sharkara" ilikuwa imegeuka kuwa "chakkara". Na mlango wa tatu ni ule wa zamani wa Wayunani na Warumi, uliokuwa umefungwa kwa karne nyingi. Ulifunguliwa mwaka 1879, wakati Constantin Fahlberg, mtaalamu wa kemia aliyefanya kazi Baltimore katika Marekani, alipogundua kwa bahati kitu kitamu mno kilichotengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe. Alihitaji jina, akafungua Kilatini, na kitu hicho kikaitwa sakarini. Wenye ugonjwa wa sukari wanakijua. Hakina muwa ndani yake hata tone moja, wala changarawe. Kimebaki na jina tu.

Huko Ulaya jina liliuacha muwa hata kabla ya hapo. Mwaka 1747 Mjerumani aitwaye Marggraf alionyesha kwamba sukari ya namna ile ile imo katika kiazi cha bitiruti, na mnamo mwanzo wa karne ya 19 viwanda vya bitiruti vilianza kazi. Jina likahamia mzizi wa nchi za baridi bila kusita.

Ajabu kubwa zaidi iko Bara Hindi kwenyewe. Nchi iliyompa kila mtu neno hili leo yanunua sukari nyeupe kwa jina jingine. Dukani Mhindi huomba "chini", na hiyo si chini yetu iliyo kinyume cha juu, bali maana yake ni ya Kichina. Na sukari ya mawe makubwa huiita "misri", yaani ya nchi ya Misri. Mwaka 647 mfalme wa China alipeleka wajumbe Bara Hindi kujifunza namna ya kupika sukari. Misri nayo, kama tulivyoona, ilipata kazi hiyo kwa Waarabu walioitoa Uajemi. Wote wawili walikuwa wanafunzi. Wakaifanya nyeupe na safi zaidi, wakairudisha, na mwalimu akaipokea kwa jina la mwanafunzi.

Nilimpelekea mzee habari hizi nyumbani kwake, kama nilivyoahidi. Nilimkuta kivulini akiwa na karani yule yule, ambaye kumbe ni mtoto wa jirani yake na humsaidia kusoma barua. Niliwaeleza wote wawili yote niliyoyaandika hapa, na nikamwambia kijana kwamba kosa lilikuwa la walimu, nami nikiwamo. Kijana akaandika lile neno la Kisanskriti nyuma ya bahasha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Mwingereza anajua kwamba anaweka changarawe ndani ya kikombe chake. Nikamjibu kwamba wachache wanajua.

Akatia vijiko vitatu katika kikombe changu, akakoroga, akaanza tena: "Haya. Na hii chai yenyewe, Mwalimu? Mwingereza husema 'tea', sisi twasema chai. Nani hapo aliyekosea kusikia?" Sikuwa na jibu. Kijana akageuza bahasha upande wa pili akangoja niseme.